Mirathi ya Dhambi: Barua ya Wazi kwa Watunga Hadithi wa Azeroth

Kwa Waheshimiwa Watunga Hadithi wa mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft,
Irvine, California.

Mimi niandikaye ni mtu mdogo wa pwani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitoa dola 15 kila mwezi, dola ambazo kwetu sisi huamka asubuhi zimenenepa kuliko zilivyolala, ili aruhusiwe kuingia katika ulimwengu wenu usiku wa manane, wakati nyumba imetulia na intaneti imepata nafuu, akaue nguruwe mwitu kumi, apeleke ngozi zao kwa mzee asiyemkumbuka, kisha aitwe bingwa. Juu ya nguruwe sina neno. Nguruwe wamekuwapo tangu 2004 na hawajapata kunihadaa.

Neno langu ni juu ya Aliye Nyuma.

Nyinyi mwamjua kuliko mimi, maana ni kipenzi chenu. Kila mwovu tuliyemchukia kwa insafu, tukamfuata bara na bahari, tukakesha watu 25 kumshinda, tukafa mara arobaini kabla ya kumwangusha mara moja, huja mwaka ambao mwatunong'oneza kwamba yule hakuwa yeye: nyuma yake alikuwako mwingine aliyemtuma. Tunamwendea huyo mwingine, naye kabla ya kukata roho anatutazama kwa huruma, kama mtu anayewatazama wageni waliokosea mlango wa arusi, akatujulisha kwamba hata yeye alikuwa na bwana wake. Na bwana huyo ni nani? Ni mtu ambaye jina lake halikupata kutajwa hata kwa bahati mbaya katika miaka yote tuliyokaa pamoja nanyi, lakini ambaye, kwa mujibu wa maelezo yenu, yote yalikuwa yake tangu mwanzo.

Nawakumbusha Arthas, mwana wa mfalme wa Lordaeron, si kwa kuwa mmemsahau, bali kwa kuwa mmemkumbuka vibaya. Katika mchezo wa 2002 alisimama mbele ya lango la Stratholme akiwa kijana mwenye nyundo, mji mzima umekwisha kula nafaka yenye tauni, akaamua kwamba watu wake wauawe kabla hawajageuka maiti hai. Uther, mwalimu wake, alikataa. Jaina, mpenzi wake, aligeuza uso akaenda zake. Arthas akaingia, na mimi nikaingia pamoja naye, maana kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, na hadi leo kinakumbuka. Baadaye alizichoma merikebu zake mwenyewe ili askari wasirudi kwao, akawasingizia mamluki aliowaajiri kwa kazi hiyohiyo. Akaushika upanga wa laana ambao rafiki yake Muradin alimwonya juu yake. Akarudi kwao na kumwua baba yake juu ya kiti cha enzi. Pepo Mal'Ganis alimchokoza, naam. Lakini kuchokozwa si kutumwa, na siku ile ya Stratholme ile kofia ya laana aliyokuja kuivaa baadaye haikuwa kichwani mwake. Kile ndicho kilichotutoa machozi: mtu aliyeongozwa na mapenzi ya watu wake, hatua kwa hatua, kwa ikhtiari yake, hadi akawa adui yao.

Halafu ikafika 2020, mkatufungulia nyongeza ya Shadowlands, na humo tukajulishwa kwamba upanga ule na kofia ile vilifuliwa kwa amri ya mmoja aitwaye Zovaal, na kwamba Mal'Ganis na jamaa zake walikuwa majasusi wa bwana mmoja aitwaye Denathrius, na kwamba Sylvanas, mkuu wa Horde aliyeichoma Teldrassil, alikuwa na nusu ya roho tu, nusu ya pili ikiwa imewekwa mahali, kama mzigo uliosahauliwa forodhani.

Teldrassil! Hapa, waheshimiwa, nitajitahidi kuandika kwa adabu. Katika 2018 mlinichukua mimi, mtu wa upande wa Horde, mkanitembeza pwani ya Darkshore kazi baada ya kazi bila ya kunipa pahali pa kusema la, hata mti ule mkubwa uliokuwa mji wa watu ukawaka moto, na upande wa pili rafiki zangu wakapewa dakika chache za kuokoa watu wengi kuliko waliowezekana kuokolewa, nao walilia, watu wazima wenye watoto wao waliolala chumba cha pili. Tukauliza kwa nini. Mkasema: ngojeni, ipo sababu. Tukangoja. Mzee wetu wa vita Saurfang alikufa tukingoja. Miaka miwili tulingoja tukilipa, na sababu ilipokuja ilikuwa huyo Zovaal, jitu la kifua wazi lenye tundu kifuani, lisilo na kisa, lisilo na hamu, lisilo na hata uovu wa kulitosha lenyewe! Mlichukua machozi ya watu mkayapeleka kwa mtu asiyestahiki hata kutukanwa. Haya si maudhui, ni wizi. Nasi tuliibiwa tukiwa macho, tukatakiwa na kupiga makofi.

Niwieni radhi. Kalamu iliteleza, nami nimekwisha kuifuta ncha.

Nimekuja na ombi, ambalo nimelifikiri kwa muda mrefu na naamini halitawagharimu zaidi ya filamu moja fupi ya utangulizi. Naomba mumwajiri shekhe wa faraidhi, elimu ya kugawa mirathi. Simaanishi kila aliyesoma kitabu kimoja. Namaanisha mmoja wa wazee wa zamani ambaye, ukimtajia maiti aliyeacha mke, mama, mabinti wawili na ami, kabla hujavuta pumzi amekwisha kukujibu kwamba ami ana fungu 1 katika 24, tena humtazama ami usoni apate kujua kama kuna neno. Atakuwa wa kwanza kuwaambieni kwamba dhambi hairithiwi. Lakini kwenu mmekwisha kuifanya irithiwe, tena kwa kurudi nyuma, kutoka kwa mjukuu kwenda kwa babu, na maadamu mali imekwisha kugawanywa bila ya kadhi, insafu ndogo kabisa ni kupata mtu anayejua hesabu.

Mpeni chumba kisicho na mashine ya baridi, kwa kuwa ana jongo la goti. Mtandikieni busati, na viatu viachwe mlangoni, vya wote, pamoja na vya mkuu wenu. Awe na ubao na chaki, maana haamini hesabu isiyochafua vidole. Kahawa iwe chungu na ije na halua. Kisha mmoja wenu, na ikiwezekana yule aliyemtunga Zovaal, asimame mbele yake asome kadhia.

Atauliza: marehemu ni nani? Mtajibu kuwa ni mji wa Stratholme, na ufalme wa Lordaeron ulioufuata kaburini. Ameacha nini? Dhambi. Nani wanaodai? Hapo mtaanza. Ner'zhul anadai nusu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ndani ya kofia. Ni nani wa marehemu huyo? Ni sauti. Sauti hairithi, mzee atasema, lakini kwa kuwa amekuja mgeni ataandika. Kil'jaeden, theluthi, kwa kuwa ndiye aliyemfanya Ner'zhul awe sauti. Sargeras, sudusi, kwa kuwa Kil'jaeden alikuwa mtumishi wake. Shekhe atajumlisha nusu na theluthi na sudusi: mafungu 24 yametimia, mali imekwisha, na aletewe kahawa. Nanyi mtasema: bado, shekhe. Kuna Mal'Ganis na jamaa zake, robo. Kuna Denathrius aliyewatuma, thumni. Na huyu Zovaal, ambaye hakuna aliyemwona mazishini, anasema upanga ni wake na kofia ni yake, naye hashuki chini ya theluthi mbili.

Chaki itakatika. Mafungu 24 yamekuwa 49. Ni kweli kwamba katika elimu ile mafungu yaweza kuzidi mali, na kila mwenye haki akapunguziwa kwa kadiri yake. Lakini asili ya 24 haizidi ila ikawa 27, haivuki hapo, na mzee wangu ameigawanya mirathi ya visiwa vizima bila ya kuona 49. Atakaa kimya kitambo. Atavua miwani aifute kwa ncha ya kanzu. Kisha atauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa: na huyo kijana mwenye nyundo, aliyeyatenda, fungu lake liko wapi? Mtamweleza kwamba huyo ni asaba, hungojea kilichobaki. Na kimebaki nini?

Hapana jibu la swali hilo katika majalada yenu. Ndiyo maana mlipomleta Arthas kwa mara ya mwisho hamkuwa na la kumpa, akatokea kama vichembe vichache vya nuru, Jaina na Uther na Sylvanas wakasema maneno mawili matatu juu yake kama watu wanaochelewa chombo, akatoweka. Angefanywaje kingine? Dhambi yake ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa watu baki.

Lakini shekhe hatakuwa amemaliza. Atafuta ubao mzima kwa kiganja, aanze upya kwa kanuni ambayo kwetu hata mtoto wa chuoni aijua, kwamba aliye karibu humzuilia aliye mbali, na baba akiwapo babu hakai kitako kungoja fungu. Zovaal, aliyefika matangani miaka 18 baada ya mazishi, atatolewa nje, viatu mkononi, akiwa anavyo. Denathrius atamfuata. Sargeras atatoka akiinama mlangoni. Kil'jaeden, kisha Ner'zhul, mmoja mmoja, mpaka chumbani asibaki ila kijana mmoja na nyundo yake na lango la mji, na mali yote ni yake, 24 katika 24, haimpungukii hata sudusi moja.

Hilo ndilo ombi langu kubwa. Madogo nayataja kwa kupita: mtuelezee ule upanga wa Sargeras uliochomekwa jangwani Silithus tangu 2017, maana sasa hata ndege wameuzoea, msituuzie katika riwaya ya kando ya 2022 sababu za Sylvanas ambazo zilikuwa haki yetu ndani ya mchezo, N'Zoth, aliyetutisha kwa minong'ono miaka mingi, asingeuawa 2020 kwa mwale mmoja kama nzi wa chumbani, na mtu asiitwe bingwa na mfalme ambaye dakika ile ile anamtuma akaokote mavi ya farasi.

Wala msidhani kwamba siko tayari kuwasifu. Garrosh wenu, mkuu wa zamani wa Horde aliyeuangamiza mji wa Theramore 2012, mlimfunga minyororo katika ulimwengu wa wafu mkamtesa, naye hadi roho yake inapasuka alikataa kujuta na alikataa kumtaja aliyemtuma, kwa kuwa hakutumwa. Nilimchukia toka siku ya kwanza, na siku hiyo nilisimama. Tena mwaka 2023 mlituonyesha mfalme Anduin amejitenga mchangani Silithus, chini ya upanga ule ule ninaolalamikia, akijilaumu kwa mauaji aliyofanyizwa kwa ikrahi, ambayo mahakama yoyote ya dunia ingemwachilia, huku shujaa wetu Thrall akimbembeleza. Kijana ambaye kweli alitumwa ndiye pekee anayeng'ang'ania fungu lake! Sijui kama mlilikusudia jambo hilo au lilikupitieni, lakini nililitazama mara tatu, nikalipa mwezi mwingine, kisha mwingine.

Chris Metzen, mtunzi wenu wa zamani, alirudi kwenu, na Novemba ya mwaka huo wa 2023 alisimama jukwaani akaahidi nyongeza tatu zenye fungamano moja, hadithi yenye mwanzo na kati na mwisho, na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa, nilijikuta nikisafisha kibodi. Xal'atath alianza 2016 akiwa sauti katika jambia, na 2024 aliuvunja mji wa Dalaran mbele ya macho yetu. Anacheka anapodhuru. Anajua anachotaka, hata kama sisi hatujui. Nampenda kama mtu apendavyo adui mwenye adabu. Sasa mwaturudisha Quel'Thalas, pale pale ambapo Arthas alimwua Sylvanas akamnyima hata kifo, na mkono wangu unatetemeka kidogo ninapoandika jina la pahali hapo.

Muacheni Xal'atath awe yeye, nawasihi. Na ikiwa jambo limekwisha kupita, ikiwa majalada yamekwisha kufungwa na nyuma ya mwanamke huyu yuko mwingine ameketi gizani akingoja zamu yake ya kutuhurumia, basi nitendeeni hisani moja ya mwisho: mnijulishe mapema, ili mzee wangu apate kuagiza ubao mrefu zaidi.

Ni mimi mtiifu wenu, ambaye dola zake 15 za mwezi huu zimekwisha kufika,

Bingwa wa Nguruwe Kumi