Shajara ya Kamera, Mazinde

Jumatatu
Nilitoka alfajiri kuwahi mwanga. Mazinde ipo chini ya milima ya Usambara, upande wa magharibi, kwa hiyo jua huchelewa kuvuka ukingo wa mlima. Watu walipita barabarani kukiwa bado na ukungu wa kijivu. Jua lilipotokeza, wanafunzi walikuwa wameshaingia darasani na akina mama wa vitumbua wameshafunika mabeseni. Mwanga wa hapa ni wa jioni. Kuanzia saa kumi na moja mlima hushika rangi, na hata vumbi la barabara hung'aa.

Jumanne
Kijiwe cha bodaboda. Nilipoomba kuwapiga picha, wote walisimama wima, mikono ubavuni, kama wako mbele ya afisa wa vitambulisho. Mmoja alikimbia kuazima miwani. Niliwapiga walivyotaka, kisha nikaketi nao kwenye benchi. Abiria wa Mombo alipofika, wakaanza kubishana nauli na kamera ikasahaulika. Picha ya ubishi ule ndiyo bora.

Lenzi yangu ni ya milimita 35, haivuti. Lazima usogee mpaka umsikie mtu anachosema. Naipenda kwa sababu hiyo hiyo: anayepigwa kutoka mbali hapewi nafasi ya kukataa.

Jumatano
Lori la katani lilipita, vumbi likajaa kwenye lenzi. Kitambaa kilikuwa nyumbani. Dada wa duka la vocha alinichania kipande cha kanga kuukuu. Sikupiga kitu.

Alhamisi
Mzee mmoja, zamani mkata mkonge, alikuwa barazani akisokota kamba. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unatupiga ukatuuze wapi?"

Nikamweleza kwamba nakusanya picha za barabara yetu. Akasema, "Walishakuja wengine wakapiga. Hizo picha ziko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliweka kamera mapajani, tukazungumza mpaka adhana ya alasiri.

Usiku niliziangalia tena picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha nyingi nchini mwetu mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingi zimehifadhiwa Ujerumani, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, Bundesarchiv. Jina la mpiga picha linajulikana. Wapagazi, askari na vibarua walio ndani yake wengi wametajwa kwa kazi tu, au kwa kabila. Vibarua wa namna hiyo ndio waliojenga reli inayopita kwetu, iliyofika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na nyuso zao zimebaki bila wenyewe. Swali la mzee ni la haki kabisa. Nimefungua daftari: jina la mtu, mtaa wake, na namba ya picha.

Ijumaa
Nilikwenda Korogwe kusafisha picha. Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, na kijana mmoja wa bodaboda akatoka nusu uso. Umeme uliporudi, karatasi zilikuwa zimekwisha. Basi la kurudi lilijaa. Nilisimama njia nzima, bahasha kifuani.

Jumamosi
Kugawa picha. Mama mmoja muuza nyanya aliitazama yake kwa muda mrefu, kisha akalalamika kwamba hakuwa amefunga kilemba chake kizuri. Anataka nyingine. Kijana wa nusu uso aliipokea hivyo hivyo, akaibandika kwenye tangi la pikipiki; picha nzima nimemwahidi. Halafu akanishika mkono kunipeleka kwa baba yake, fundi baiskeli. Watu ambao Jumatatu walinipa kisogo sasa wanauliza zamu yao lini. Mkono umetulia kwenye kamera, na moyo pia. Woga wangu wa kuwapiga watu picha haukuondolewa na mazoezi ya vidole, uliondolewa na ile bahasha.

Jioni nilipita kwa mzee. Alinionyesha pa kukaa, akaendelea kusokota kamba. "Piga. Ila jina langu uliandike vizuri." Alinitajia herufi moja moja, nami nikamsomea nilichoandika.

Wewe unayetaka kuanza kupiga picha za mtaani, kabla ya kununua lenzi ya pili, tenga kwanza fedha za kusafisha picha za watu.