Jinsi ya Kumfukuza Tembo na Kubaki Shujaa

Unaishi Lamadi, geti la hifadhi la Ndabaka liko jirani, mahindi yamekomaa na tembo wa Serengeti wameshapata habari. Nasikia umeanza kuulizia bastola. Sogea hapa, ndugu yangu, nikupe njia ya mkato.

1. Sahau bastola. Dume la tembo hufika tani 6. Risasi yako ndogo haitamuua. Itamkasirisha, na aliye karibu ni wewe. Hata akifa, umeua nyara ya serikali, na hapo utahitaji wakili kuliko mahindi. Tena kumiliki silaha kunataka leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Mahindi hayasubiri leseni.

2. Piga puani. Tembo huishi kwa pua. Twanga pilipili kali iliyokauka, changanya na oili chafu, paka kwenye kamba na matambara, zungushia shamba. Mvua ikinyesha, paka tena. Usiku, choma pilipili iliyochanganywa na kinyesi kikavu cha tembo. Ndiyo, mavi yake mwenyewe! Simama upande upepo unakotoka, moshi umfuate yeye.

3. Usimalize vitisho mapema. Anza na tochi kali. Hajaondoka? Piga honi. Bado? Kilipuzi cha pilipili: kondomu yenye unga wa pilipili, mchanga na fataki. Hicho waachie vijana waliofunzwa. Fataki za angani ziwe za mwisho. Tembo huzoea upesi. Ukimwonyesha kila kitu leo, kesho atakula huku anakutazama.

4. Mwachie mlango. Upande wa hifadhi uwe wazi, bila mtu wala moto. Mama mwenye mtoto usimzingire kamwe. Unataka aondoke, basi mpe pa kuondokea.

5. Ajiri nyuki. Kule Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza. Wewe unauza asali.

6. Tafuta mashahidi. Piga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, majirani wa nzengo nzima waje. Najua unataka kusifiwa. Beba tochi kubwa kuliko zote, kila mtu atakukumbuka. Ila kaa mbali na mkonga. Sifa ni tamu ukizisikia mwenyewe.

7. Ukishindwa, shindwa kwa maandishi. Asubuhi piga picha shamba, usiguse kitu, nenda ofisi ya kijiji, mwite afisa wanyamapori aje kukagua, kisha dai kifuta jasho. Kanuni zake zipo tangu mwaka 2011. Fedha hizo hazitalingana na magunia uliyopoteza, lakini toa taarifa hata kama ni nusu eka. Hasara isiyoandikwa haimleti askari wa wanyamapori msimu ujao.