Bustani ya Kufagia

Kwa miaka sita fundi wangu wa bustani alikuwa anakuja Jumamosi moja baada ya nyingine, fyekeo begani. Anafyeka ukoka, anakunywa chai, anaeleza kwa nini Yanga walistahili penalti, anaondoka. Mwaka jana, kabla ya masika, akaja mikono mitupu ila kipande cha nyasi bandia, ukubwa wa mswala. Akakilaza barazani.

"Mzee, hebu gusa."

Nikagusa. Kosa langu la kwanza.

"Hazinywi maji, hazikatwi, hazitaki mbolea." Nilitaka kumuuliza, basi wewe utataka kuja kufanya nini? Lakini bili ya maji ilikuwa mfukoni mwangu, nikanyamaza. Nikamwuliza tu, kwa ustaarabu, kama hiyo si kazi ya fundi marumaru.

Akanuna. "Nikiikataa mimi, yeye ndiye atakayeichukua. Na ukoka wako ataufukia kwa zege."

Sikuwa na la kumjibu. Mtu akiona chakula chake kinahamia sahani ya jirani, naye husogeza kiti. Kwa hiyo akaja na mpwa wake, wakang'oa ukoka, wakapitisha reki, wakamwaga ndoo chache za mchanga na kukunjua zulia. Saa kumi jioni wameshanawa miguu. Nilifurahi, sitaki uongo. Mke wangu alipita mara tatu bila sababu.

Kisha nikaona kwamba nina bustani mbili. Nyasi hizi huja kwa mikunjo, na majani yake hulala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Mikunjo yote ielekee kokote, mradi ielekee pamoja. Fundi wangu mkunjo wa pili aliugeuza. Ukisimama mlangoni, kushoto ni kijani, kulia ni kijani kingine, na katikati mstari ulionyooka kama mpaka wa wilaya.

Masika yakaja. Chini ya zulia kuna matundu ya kupitisha maji, lakini yapite yaende wapi, ikiwa chini ni mfinyanzi ulioshindiliwa kwa kandambili? Tukafuga bwawa. Shemeji yangu, anayejenga barabara, alifunua zulia pembeni akacheka mpaka akakaa. Ilitakiwa kuchimba, akasema, kumwaga kokoto, kushindilia kwa mashine, kuacha mteremko. Nyasi ndiyo kitu cha mwisho kabisa, kama rangi ya ukutani. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimepaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Na jua je? Wamarekani walizitandika nyasi hizi Astrodome, Houston, mwaka 1966, kwa sababu nyasi halisi zilikuwa zimekufa ndani ya uwanja wenye paa, baada ya vioo vya paa kupakwa rangi. Wale walikuwa na paa na nyasi zilizokufa. Mimi sina paa, na ukoka wangu ulikuwa mzima! Januari saa saba mchana, plastiki ile huikanyagi peku mara mbili. Hata paka wetu, ambaye hulala juu ya boneti la gari lililotoka safari, huzungukia ukutani.

Simwambii fundi bustani aikatae kazi hii. Aichukue, ana watoto wanaosoma. Lakini akija na kile kipande chake cha kugusa, aje pia na bei ya kokoto, na aitaje kwanza, kabla sijainama kugusa. Mteja akikimbia bei hiyo, amwachie ukoka wake.

Wangu sasa anakuja na fagio la chelewa. Majani ya mwembe hayaozi juu ya plastiki, yanarundikana tu, kwa hiyo namlipa fundi bustani kunifagilia zulia, kwa bei ile ile ya kufyeka. Anafagia kimya. Hata habari za Yanga zimepungua.

Jumamosi iliyopita nilimsikia akiita, sauti ya zamani. Nikatoka. Amechuchumaa kwenye ule mpaka wa wilaya, ambako gundi imeachia, na ndago tatu zimechomoza zimesimama wima. Anazitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi.

"Hii naijua," akasema. "Hii mzee ukiikata juu tu, imekucheka. Ina vitunguu huko chini." Akainuka, akajipangusa magoti. "Lile jembe dogo bado unalo?"