Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Anayejisahihishia Mtihani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu Maalumu,



Nakuandikia kukupongeza. Ripoti ya tathmini ya mwanangu nimeipata, mkalimani kanisomea kwa simu, na kwa kweli wataalamu wenu wana kipaji. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ambaye nyumbani anaongea Kiswahili, wamempima kwa Kiingereza kitupu, kisha wakagundua kwamba tatizo lake ni Kiingereza. Kwa hiyo hahitaji elimu maalumu. Avumilie tu, kitapanda.

Ukurasa wa sita ndio ulionifurahisha zaidi. Kaonyeshwa picha ya jiko, akasema "jiko". Kaonyeshwa ufagio, akasema "ufagio". Mtaalamu kaandika kwamba majibu hayaeleweki, akampa sifuri mbili. Hakuna aliyeniuliza anasomaje kwa lugha yake. Ningesema kwamba ba, be, bi, bo, bu zinamshinda mpaka leo, na mdogo wake wa darasa la kwanza ndiye anayemsomea. Lakini hilo lingeharibu ripoti nzuri.

IDEA, sheria ya Marekani ya elimu maalumu, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kwamba haiwezekani. Naamini mlihangaika sana. Mji huu una Wakongo wa kutosha kujaza kanisa na kuimba kwa Kiswahili kila Jumapili, ila mtu wa kumwuliza mtoto "Hii ni nini?" kakosekana.

Basi nikaomba tathmini huru kwa gharama yenu, maana mtaalamu wa nje anadai maelfu ya dola na mimi nafanya kazi ya zamu kwenye ghala. Kumbe nimewaudhi. Mkanijibu kwamba kwanza nieleze kwa maandishi kwa nini sikubaliani nanyi, ndipo ombi langu lifikiriwe. Mheshimiwa, kanuni inawaruhusu kuniuliza sababu. Kunilazimisha kuitoa hairuhusu. Na inawapa njia mbili, bila kuchelewa pasipo sababu: mlipie, au mfungue shauri mthibitishe kwamba tathmini yenu ilifaa. Njia ya tatu, ya kuandikiana barua mpaka mtoto aote ndevu, sijaiona. Labda imeandikwa kwa herufi ndogo.

Nashukuru pia kwa orodha ya wataalamu huru mliyoambatanisha. Wa kwanza kwenye orodha ni mwajiriwa wenu, yuleyule aliyeandika ripoti. Kanuni inasema mtathmini huru asiwe mwajiriwa wa wilaya ya shule, lakini sitaki kuwa mbishi. Huyu ana uhuru wake: ni huru kukubaliana na nafsi yake.

Mnaniambia niwaamini kwa sababu mnampenda mtoto. Sina shaka. Ila anayepima ndiye huyohuyo atakayelipia huduma akikuta tatizo, na macho ya mwenye pochi yana namna yake ya kuona. Mwaka 2005, katika kesi ya Schaffer dhidi ya Weast iliyotoka Maryland, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimbebesha anayelalamika mzigo wa kuthibitisha, na mara nyingi huyo ni mzazi. Ilitaja tathmini huru kuwa mojawapo ya kinga zinazomwezesha kusimama na mtaalamu wake mbele yenu. Mzigo mmeniachia kichwani. Ngata ndiyo mnayotaka kubaki nayo.

Nasubiri basi, mlipie au mnishtaki. Na ripoti mpya ikija, najua sheria inawataka muizingatie tu, haiwalazimishi kuifuata. Naomba muizingatie mkiwa mmeifungua.

Wako mtiifu,
Mzazi wa mtoto wa darasa la tatu

N.B. Nilipowaambia sisomi Kiingereza, mlinipa kijitabu cha haki za wazazi kwa Kihispania. Nimekihifadhi vizuri. Yupo jirani kutoka Honduras anayekihitaji. Yeye mlimpa cha Kiingereza.