Mahali pa Kutundika Jogoo

Tunduma ukitaka ushauri wa bure, badili usukani wa baiskeli. Unaweza kununua kiwanja, ukaoa, ukafungua duka la nafaka, watu wakakupa hongera au pole na kuendelea na yao. Lakini pita barabarani na usukani ambao jana hukuwa nao, uone wabadilisha fedha wanavyoziacha kwacha zao, utingo anavyoshuka kwenye lori lililokaa foleni tangu juzi, na mama wa ndizi anavyomwacha mteja na chenji mkononi. Kila mmoja ana lake la kusema, na la kila mmoja ni lile lile: "Sasa hapo utatundikia wapi mizigo?"

Wanaounda usukani huko Ulaya na Taiwan hupima mengi: upana wa mabega, pembe ya kiganja, umbali wa vidole hadi kwenye breki. Sijaona aliyempima jogoo.

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, karibu na mpaka. Ukweni kwangu ni Mbozi, ndani ndani kwenye kahawa, ukishapita Vwawa. Kati ya ofisi na ukweni ipo kila aina ya barabara ambayo nchi hii imewahi kujenga au kukusudia kujenga. Ipo lami ya kwenda Zambia, na malori yake yanakupumulia kisogoni. Yapo matuta, na zipo rasta, ambazo dereva wa basi huzisikia masikioni na mwendesha baiskeli huzisikia kwenye meno. Ukiacha lami unaingia kwenye moramu iliyojikunja mawimbi kiangazi kizima. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, vumbi linakuwa tope jekundu linaloziba madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Baiskeli ni moja, nayo inatakiwa iyaweze yote hayo, na habari zote za barabara, njema na mbaya, hufika kwanza mikononi.

Nilianza na Phoenix, aliyoiacha marehemu babu. Usukani wake unaujua: unapanda kidogo, unakata kona, kisha unarudi nyuma kumfuata mwendeshaji. Waingereza waliuita North Road. Raleigh ya Nottingham ikautembeza dunia nzima, Wahindi na Wachina wakauiga, na hata baiskeli zetu za Swala, enzi za viwanda vya umma, zilitoka na mkunjo huo huo. Si kwa bahati. Simama wima, ning'iniza mikono, ukishika kijiti katika kila ngumi. Vijiti havielekei mbele moja kwa moja wala havikai kukingama kabisa, viko katikati. Hivyo ndivyo kiganja kinavyopenda kukaa, na usukani uliorudi nyuma unakiacha kikae hivyo. Ukikilazimisha zaidi ya hapo, kifundo cha mkono kitakudai jioni.

Tabu ya usukani huo ni kwamba unakukalisha kwenye baiskeli jinsi mwenyekiti wa kijiji anavyokaa mkutanoni. Mgongo wima, kifua mbele, upepo wote wa nyanda za juu ni wako. Uzito unashukia kwenye kiti, na kila rasta inapanda uti wa mgongo kupeleka taarifa. Kwenye mlima huna pa kuvutia. Halafu, kwa sababu unaonekana una nafasi, watu wanakupa mizigo.

Mama mmoja pale Mpemba, shoga wa mama mkwe wangu, alinisimamisha siku moja kwa kunyoosha mkono tu, wala hakuita. Alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha tyubu.

"Mkwe, mpelekee mwenzangu."

Kabla sijajibu, jogoo alikuwa ameshaning'inia upande wa kushoto, kichwa chini. Baiskeli ikaegemea. Mama akaitazama, akaingia ndani, akarudi na maharage kwenye mfuko, akayatundika upande wa kulia. Baiskeli ikasimama sawa. Akanipungia mkono, mkaguzi wa mizani aliyeridhika na kazi yake.

Sasa, breki za Phoenix hazina waya. Chini ya usukani kuna vyuma viwili vya kushika, na ukivivuta kwenda juu vinavuta fimbo, fimbo zinabana rimu. Jogoo aliyetundikwa hapo analala kifua chake chini kidogo tu ya chuma cha breki. Tulienda vizuri mpaka lori moja lilipotupita kwa honi ya futi kumi. Jogoo akafumbua mbawa zote mbili kwa nguvu, zikakisukuma chuma juu, na breki ya mbele ikafunga. Nilitua kwenye nyasi nikiwa na maharage. Jogoo alibaki kwenye usukani, ameshikilia breki, na alikuwa na haki kabisa: yeye ndiye aliyekuwa dereva.

Basi nikatafuta usukani ambao hauna pa kutundikia kitu. Kwenye kontena la mtumba nikapata baiskeli ya gia, usukani umenyooka ubapa, sentimita 70 kutoka ncha hadi ncha. Kwenye moramu ulikuwa mtamu, nisidanganye. Upana unakupa nguvu ya kuliongoza gurudumu kwenye mawe na makorongo. Jiwe likitaka kukupeleka kushoto, wewe ndiye mwenye kauli ya mwisho. Nilipanda na kushuka vilima nikijiona kijana.

Kasheshe ni mjini. Tangu Oktoba 2019, Marais Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, lori linakaguliwa upande mmoja tu badala ya pande zote mbili, Tunduma na Nakonde ya Zambia. Hata hivyo foleni ya malori haijatuacha, na karani wa forodha anayewahi kazini hupita katikati yake. Katikati hiyo wakati mwingine ina sentimita 71, na wakati mwingine ina 69. Asubuhi moja nikaingia kwenye ile ya 69. Ncha ya kulia ikanasa kwenye kamba ya turubai, ya kushoto ikagusa tangi la mafuta la lori la pili, nikabaki nimesimama pale, siendi wala sirudi, na injini zote mbili zinanguruma. Utingo mmoja akachungulia kutoka juu, akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole wa kiofisi:

"Bosi, mzigo wako umezidi upana. Huo unahitaji kibali."

Mimi ndiye ninayeandika maombi ya vibali hivyo.

Lakini la upana lingevumilika. Lililonishinda ni ganzi. Usukani ulionyooka unakigeuza kiganja kiegemee ukingo wa nje, upande wa kidole cha mwisho, na hapo chini ya kiganja ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaokihudumia kidole hicho na nusu ya jirani yake wa pete. Ukibanwa njia nzima kwenye moramu, vidole hivyo vinaaga. Watu wengi hawatagundua, maana kidole cha mwisho kinafanya kazi gani? Mimi nilifundishwa kupiga chapa kwa vidole kumi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho chenye herufi A. Jumatatu moja niliandika nyaraka za shehena nzima, na bosi akanirudishia karatasi akiuliza ni nchi gani hizi, Tnzni na Zmbi, na kama tuna ofisi huko.

Kwenye hali hiyo akatokea Mholanzi. Alikuwa anatoka Zambia kwa baiskeli, amesimama kwenye kivuli akisubiri muhuri wa viza, na usukani wake ulikuwa ule wa mashindano, uliojikunja kama pembe za kondoo dume, ila ncha za chini zimepanuka kwenda nje. Nikamwonyesha vidole vyangu. Akanielewa haraka kuliko daktari. Alisema mkono hauumizwi na usukani mbaya tu. Unaumizwa hata na usukani mzuri ukiushika mahali pamoja kutwa nzima. Akanionyesha: juu hapa kwenye mlima, hapa juu ya breki kwenye tambarare, chini huku kwenye upepo na mteremko. Ule upanuko wa chini ni kwa ajili ya vumbi, ili uwe na upana unapouhitaji bila kuubeba mjini kati ya malori. Na mikono ikihamahama hivyo, ganzi haipati pa kujenga.

Kwa nadharia, sijasikia mtu aliyeufafanua usukani vizuri zaidi.

Fundi wangu akaupata mmoja kwenye baiskeli ya mbio ya mtumba. Shingo ya baiskeli yangu ilitaka chuma kinene cha milimita 31.8, na huu katikati ulikuwa na 25.4. Fundi hakushtuka. Alikata kopo la bia kwa mkasi, akalizungusha tabaka kwa tabaka kujaza pengo, akakaza nati, akapigapiga kwa kiganja. "Hii haitoki," alisema. Akafunga na breki zake. Hapo kuna jambo la kitaalamu: breki za mikono mirefu zilizo kwenye baiskeli za mlimani zinataka waya uvutwe sana, na vishikio vya usukani wa mbio vinavuta kidogo. Matokeo yake ni breki za kuomba. Unazishika, unaomba, na zinafikiria.

Mjini nilikuwa kivutio. Ukikunja mgongo kwenye usukani ule unatazama chini, na Tunduma mtu anayetazama chini amedondosha kitu. Watu wema walinisaidia kutafuta. Mzee mmoja alinifuata mpaka stendi akikagua ukingo wa barabara, nikashindwa kumwambia hakuna kilichopotea, maana alikuwa ameshajitolea sana.

Jumamosi nikaenda ukweni. Lami ilikwenda vizuri ajabu, mikono inahama juu, kati na chini, kidole cha A kiko hai. Nikaingia moramu. Kabla ya uwanja wa nyumba ya wakwe kuna mteremko mfupi wenye mawimbi, na kwenye mawimbi hayo lile kopo la bia likakumbuka kwamba ni kopo la bia. Usukani wote ukazunguka kwenye shingo yake, ukaelekea ardhini, nami nimeushika. Breki zilikuwa bado zinafikiria. Nikaingia uwanjani kifua kimelala juu ya shingo ya baiskeli, pua karibu na tairi, mikono imenyooka chini, na katika hali hiyo nikasema, "Shikamoo mama."

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Marahaba, baba," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Siku zote amekuwa na shaka na adabu za watu wa mpakani. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani kwenye uzio: wakwe wengine wanainamisha kichwa, huyu wetu anainamisha na baiskeli.

Baba mkwe hakudanganyika. Aliukagua usukani, akachomoa bati la kopo, akalisoma jina la bia, akatikisa kichwa. Wanakaa jirani na kijiji cha Ndolezi, kilipo kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli la tani zipatazo 16, lililoanza kuandikwa na wapima ardhi mwaka 1930 ingawa wenyeji walikuwa nalo siku zote. Kwa hiyo kwake yeye chuma kina kipimo chake. "Kile pale kimeanguka kutoka mbinguni," aliniambia, "hakijapinda. Hiki chako kimeanguka kutoka kwenye kontena."

Usukani nilionao sasa unatoka Nakonde. Upande wa Zambia zimejaa baiskeli za Buffalo, nzito, zilizoundwa kwa ajili ya barabara za vijijini na keria ya kubeba kilo 100, na usukani niliouokota kwa muuza vipuri una ukoo nazo: mpana kuliko mabega kwa kiasi cha ngumi moja, umerudi nyuma lakini si kwa kiwango cha babu, ncha zimeshuka kidogo. Niliuweka usawa wa kiti, si juu zaidi. Pale katikati na kwenye mikono nikazungushia tyubu kuukuu, ili kwenye mlima niwe na mahali pa pili pa kushika. Shingo nimenunua ya kipimo chake. Hakuna kopo.

Nusu ya raha, hata hivyo, haikutoka kwenye usukani. Ilitoka kwenye matairi mapana niliyoyapunguza upepo, na kwenye pua ya kiti iliyokuwa imeinama mbele ikinimiminia uzito wote mikononi, nikainyanyua kwa nusu mzunguko wa spana. Wauza usukani hawakwambii hilo. Ningekuwa muuza usukani nami nisingesema.

Mizigo imerudi, bila shaka. Mama wa Mpemba aliuona usukani mpya tangu mbali, akaingia ndani kabla sijasimama. Siku hizi ninambembeleza jogoo akae kwenye keria, ndani ya kapu, mbali na breki, na tunaelewana.

Ule wa mbio, wa nadharia ya Mholanzi, niliuacha ukweni siku ile ile ya kopo. Mama mkwe ameufunga kwenye boriti ya jikoni, juu ya mafiga, na kwenye mikunjo yake anatundika mahindi ya mbegu yakaushwe na moshi. Anasema panya hawauwezi, unateleza. Mwezi uliopita aliniuliza kama fundi wangu anaweza kumpatia mwingine, kwa ajili ya boriti ya pili.