Mwongozo kwa Atakayewakutanisha Wazee na Vijana wa Ruanda Kuhusu Maji

Umetumwa Ruanda, Mbozi, uwakalishe wazee na vijana pamoja wanusuru mto. Hongera. Kwanza tazama msimu. Kahawa ikiiva, hakuna kikao. Ikishauzwa, kikao kipo, ila vijana wako Tunduma kwenye foleni ya malori, wanasaka kibarua.

Shikamoo zikiisha, mzee wa kwanza ataeleza msitu wa zamani, enzi ambazo hakuna aliyethubutu kukata hata fito kando ya maji. Usimkatize. Wala usiulize mikaratusi iliyosimama pale leo, inayofyonza maji usiku na mchana, aliipanda nani, na nguzo aliwauzia akina nani. Vijana wanajua, ndiyo maana wanacheka chinichini.

Sasa soma sheria: Usimamizi wa Mazingira, 2004, kifungu cha 57. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, marufuku shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira. Utapigiwa makofi, kwa kuwa hujatoa kamba ya kupimia. Itoe uone. Mlimani kuna kahawa ya wazee. Bondeni kuna mboga za vijana na akina mama, wengi wao wamekodi, maana walichelewa kuzaliwa na mlima ukaisha. Kamba ikipita, mwenye shamba atakosa kodi ya msimu. Aliyekodi atakosa mboga, ada ya mtoto na rejesho la bodaboda. Mikaratusi itabaki, mti, utaelezwa, si shughuli.

Usithubutu kusema vijana ni taifa la kesho. Kwa hesabu ya serikali ujana unafika miaka 35, na wa 35 waliopo hapo wameisubiri hiyo kesho tangu shule ya msingi.

Posho usiitaje mapema, wala usijifanye haipo. Ajenda ya "Mengineyo" ipandishe juu: ndipo akina mama wachota maji husimama kusema, na kwa kawaida wazee huwa wameshashika fimbo zao kuondoka.

Muhtasari ukiandikwa, dai neno fidia liingie, na jina liwe la anayelima, si la mwenye shamba peke yake. Mtendaji atauliza fedha zitoke fungu lipi. Ukigeuka kumtazama mzee, utamkuta anakutazama wewe.