Barua ya Wazi kwa Dirisha Namba Nne

Dirisha Namba 4,
Ukumbi wa Vibali na Leseni,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI KWA KUNIPATIA LESENI YA BIASHARA NISIYOIFANYA

Ndugu Dirisha,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia wewe mwenyewe, si afisa wako. Afisa mhusika sijabahatika kumwona kwa miezi saba. Nimeambiwa yuko semina, ametoka kidogo, yuko kwa bosi, amefiwa, na siku moja kijana wa field aliyekuwa mkweli kuliko wenzake akaniambia kwamba hata yeye hamjui. Wewe hujawahi kuniangusha. Kila nilipokuja ulikuwepo, na kioo chako, na lile tundu la chini linalomfanya raia ainame ndipo asikike. Ningekupa mkono kama lingetosha.

Nikukumbushe mimi ni nani. Ni mimi yule wa bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, niliyefika mwezi wa pili nikasema nataka kuuza gemu mtandaoni. Gemu za PlayStation, CD zilizotumika. Nilikuwa nazo 23, karibu zote za PS4, nilizozinunua kwa mkupuo kwa jamaa aliyekuwa anafunga kibanda chake cha gemu Mbagala baada ya televisheni mbili kuungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Hiyo ndiyo ilikuwa stoo yangu. Ilikaa kwenye kabati la vyombo la mama, rafu ya juu, pamoja na vikombe vya wageni.

Kijana wako alinisikiliza vizuri tu. Kisha kwenye nafasi ya aina ya biashara akaandika neno moja: Michezo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwajua ndugu zako. Dirisha la saba walinipokea kwa sababu michezo ni kamari. Niliulizwa mashine zangu ni ngapi, ziko baa zipi, na watoto nawazuiaje. Nikasema sina mashine, nina CD. Nikapelekwa la tisa, ambako michezo ni mpira. Timu yangu inaitwaje? Iko daraja gani? Ina katiba? Nikafanya kosa la kusema ninayo FIFA 23, elfu hamsini, haina mkwaruzo. Dada wa dirishani akaweka kalamu chini akaniuliza barua ya ridhaa ya chama cha mpira. Nilijaribu kumweleza kwamba jina lenyewe limekwisha, kwamba FIFA 23 ndiyo ya mwisho, kwamba waliotengeneza gemu na wenye jina walishindwa kuelewana, na tangu Septemba 2023 gemu inaitwa EA Sports FC ingawa wateja wangu wote bado wanaulizia "FIFA mpya". Akasema basi nilete talaka yao.

La kumi na moja alikaa mama mtu mzima, mtandio begani, chai ya tangawizi pembeni. "Mchezo wa kina mama?" akaniuliza. "Mnatoa shilingi ngapi kwa wiki, na kijumbe ni nani?" Huyo nilimpenda. Ndiye pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho. Alipoelewa akatikisa kichwa akasema, mwanangu, huo si mchezo wala si kazi, rudi dirisha la nne wakutafutie jina.

Wala sikulaumu. Nilipekua kitabu cha forodha nikakuta dunia nzima ina tatizo kama lako. Mashine za gemu zimewekwa kifungu cha 9504, namba ndogo 9504.50, jirani wa meza za pool na karata, na meza maalumu za kasino humohumo. CD yake, ambayo bila hiyo mashine ni kiti cha paka, imepelekwa mbali huko 8523, kwa diski na kanda. Kama mabingwa wa forodha wa dunia wameketi wakaona PlayStation ni ndugu wa karata tatu, kijana wa field atafanya nini na peni yake?

Basi tukaliacha jina tukaingia kwenye fremu.

Orodha yako ilitaka namba ya mlipakodi, nikawa nayo. Ilitaka kitambulisho, nikawa nacho. Kisha ikataka mkataba wa pango wa eneo la biashara. Nikasema duka langu liko mtandaoni. Ukaniuliza, kupitia kwa kijana, mtandaoni mtaa gani.

Mkaguzi alikuja nyumbani kwetu Tabata Jumatano moja mchana, viatu vikiwa na vumbi mpaka kwenye kamba, kwa hiyo nakiri alitembea kweli. Akauliza duka liko wapi. Nikampa simu. Akaigeuza, akaitazama mgongo kama mtu anayetafuta mlango wa uani. Akauliza ukubwa wa eneo. Nilichukua rula ya mdogo wangu tukapima wote wawili: sentimita 16 kwa 7, ukiuhesabu na ufa. Akaandika. Akauliza bango liko wapi, na mtungi wa kuzimia moto, na choo cha wateja.

Choo cha wateja, Ndugu Dirisha. Wakati ule mteja wangu alikuwa Mwanza.

Huyo wa Mwanza niruhusu nikuonyeshe, maana katika fomu zote nilizojaza hakuna iliyowahi kuniuliza kazi yenyewe inafanywaje. Anaanza kwa ujumbe wa sauti saa tano usiku: "Kaka, God of War ipo?" Ipo. Sasa yeye haniamini na mimi simwamini, na hiyo ndiyo biashara yote. Anataka nitume mzigo kwanza, mimi nataka atume hela kwanza. Kwa hiyo naichomeka CD, nasubiri gemu ifunguke, naandika jina lake na tarehe kwenye kikaratasi, nakiegemeza kwenye televisheni na kurekodi. Kisha naitoa na kuilaza chini ya balbu ili aone mgongo wake. Mkwaruzo uliotoka katikati kwenda ukingoni hausumbui sana. Unaozunguka kufuata duara ndio muuaji. Wapo wanaopaka dawa ya meno ili CD ing'ae kwenye picha. Mimi sipaki. CD za PS4 ni Blu-ray, na tabaka linaloilinda data lina unene wa milimita 0.1 tu. Ukisugua hapo umeua gemu, na mteja atakurudia na matusi ya lahaja ya kwao.

Akiridhika anatuma elfu 45, bila hela ya kutolea. Tunabishania ya kutolea robo saa. Kuna wengine hawatumi kitu, wanatuma picha ya muamala waliyoitengeneza wenyewe, na nimejifunza kutoipongeza picha mpaka salio liseme. Hela ikiingia kweli, nafunga CD kwenye boksi la sabuni, gundi ya karatasi mizunguko minne, alfajiri niko Stendi ya Magufuli pale Mbezi namkabidhi konda. Zaidi ya kilomita 1,000. Naipiga picha namba ya basi, naituma, halafu naanza kuomba dua kwa ajili ya basi nisilopanda.

Ungekuwa na mdomo ungeniuliza kwa nini watu wasipakue tu gemu kwenye intaneti. Wapo wanaopakua. Lakini gemu moja huweza kupita GB 100. Red Dead Redemption 2 ya PS4 imejaa mpaka inauzwa kwa CD mbili. Piga hesabu ya bando. Halafu kuna hili: ukitaka kufungua akaunti kwenye mtandao wa PlayStation unatakiwa uchague nchi, na Tanzania haimo kwenye orodha. Mei 2024 watu waliona ukubwa wa jambo hili waziwazi. Gemu ya Helldivers 2 ilipotakiwa kuunganishwa na akaunti ya PlayStation, ikaondolewa kuuzwa kwenye kompyuta katika nchi zaidi ya 170. Kwa hiyo kijana wa Tandale anachagua Marekani, anaandika mtaa alioutafuta kwenye ramani, na tangu siku hiyo ni mkazi wa California anayekunywa maji ya kandoro. CD haimuulizi anakaa wapi. Ndiyo maana ananitafuta mimi, na ndiyo maana ninakutafuta wewe.

Nilitaka uharakishe kwa sababu moja zaidi. Tangu Novemba 2020 kuna PS5 inayouzwa bila tundu la CD kabisa. Hata wewe una tundu. Nilikuwa nahesabu: kwa mwendo wetu, leseni yangu ya kuuza CD ingetoka CD zikiwa makumbusho, na hapo ungenituma dirisha la mambo ya kale.

Mwezi wa nane nikasalimu amri. Nilimtafuta dalali akanipata, maana ndivyo wanavyofanya. Fremu Tabata, uchochoroni nyuma ya mashine ya kusaga, laki moja na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Milioni moja na elfu hamsini. CD zangu zote 23, zote zikiuzwa kwa bei ya yule wa Mwanza, siku moja, bila kubishania ya kutolea, ni 1,035,000. Zingebaki elfu 15 za kutafuta. Mama akanipa zamu yake ya mchezo. Naam, wa kina mama. Mwambie yule wa dirisha la kumi na moja kwamba kijumbe ni jirani yetu wa pili kushoto na wanatoa elfu 20 kwa wiki.

Nilinunua mtungi mwekundu. Nilichora bango. Choo ni cha mwenye nyumba, lakini ufunguo ninao. Mkaguzi yuleyule alirudi, akasimama katikati ya chumba kitupu kabisa, kuta nne na mtungi, hakuna hata kiti, akavuta pumzi na kusema: "Sasa hii ni biashara."

Nilitamani kumwambia kwamba tangu tuonane mara ya mwisho nimeuza CD tisa kwenye kile kitu tulichokipima kwa rula, na kwamba humu ndani sitauza hata ganda la CD. Sikusema. Nilishajifunza kwa yule kijana wa California: mlango hufunguka ukishaandika unakaa usipokaa.

Leseni ikatoka. Naishukuru, imechapwa vizuri na muhuri haukuvuja. Aina ya biashara: Duka la Vifaa vya Michezo. Nilipouliza, kijana alisema hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi kwenye mfumo, na kubadilisha ni kuanza upya kuanzia dirisha la kwanza. Nikaitundika ukutani. Na kwa kuwa bango lazima lifanane na leseni, nikafuta GEMU nikaandika VIFAA VYA MICHEZO. Nikafunga kofuli nikarudi kwenye kabati la mama. Muuza mkaa wa jirani aliniomba aweke magunia yake humo mvua ikitishia, nikampa ufunguo wa ziada. Kwa hiyo kwa sasa duka langu la mtandaoni lina fremu ya mipira iliyojaa mkaa, na kila hatua ya kufika hapo ina risiti.

Sasa sikia lililonifanya nikuandikie. Jumanne iliyopita nilikuwa nimepita kuangalia kama panya hawajakula leseni, akaingia mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye daftari kubwa la matumizi. Alikuwa ameliona bango. Akauliza mipira ya netiboli. Alitazama magunia, alinitazama mimi, alitazama leseni ukutani, na kwa sababu ya leseni akaniamini. Mimi yule wa Mwanza nimempa video tatu na kikaratasi chenye jina lake bado ananiita tapeli.

Nikamwambia aje Ijumaa. Alhamisi nikaenda Kariakoo nikachukua mipira minne. Ijumaa akalipa taslimu, akahesabu noti mbele yangu, akachukua risiti akashukuru. Faida elfu 12. Hakuna konda, hakuna balbu, hakuna ya kutolea. Amerudi jana. Shule tatu za kata yao zina bonanza mwisho wa mwezi na wamekubaliana kununua kwangu: mipira, nyavu, jezi, na filimbi sita.

Mipira na nyavu naona zimo. Filimbi ndizo zinanipa mashaka, na safari hii sitaki kuvunja sheria. Naomba kuelekezwa: filimbi ni kifaa cha michezo, au nianzie dirisha la muziki?

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye duka la mipira, Tabata

Nakala: Mteja wa Mwanza. God of War iko njiani. Basi limeharibika Singida.